Mbaazi, Jua na Fimbo ya Gofu

Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii huwaangukia watu wa kila namna. Mshonaji aliyeharibu kitambaa hulaumu cherehani. Mpishi aliyeunguza wali hulaumu sufuria. Lakini sidhani kama wako watu wanaoandamwa na methali hii kuliko wachezaji wa gofu. Mchezaji wa gofu akikosa kuingiza mpira shimoni kutoka umbali wa hatua mbili, kitu cha kwanza anachokitazama ni fimbo aliyoshika. Ataigeuza, ataikagua, ataifumbia jicho moja kama mtu anayenunua panga sokoni. Na wenzake watamcheka.

Leo napenda tuitazame historia ya fimbo hiyo ili tuone kama kicheko hicho ni cha haki. Maana katika miaka 120 hivi iliyopita imetokea zaidi ya mara moja kwamba mbaazi alisingizia jua, watu wakamcheka, na baada ya uchunguzi ikaonekana kwamba kweli jua lilikuwa na kosa. Tena imetokea kwamba aliyepata dawa ya kosa hilo aliambiwa na wakubwa kuwa dawa yake ni haramu.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuuona mchezo huu, niseme kwa ufupi unavyochezwa. Mchezaji huupiga mpira mdogo kutoka mbali, mara nyingine zaidi ya mita 400, mpaka aufikishe kwenye uwanda mdogo wa majani yaliyokatwa chini kabisa, uitwao grini. Hapo kuna shimo lenye upana wa inchi nne na robo, yaani karibu sentimita 11. Kanuni zinamruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14. Fimbo 13 ni za kuufikisha mpira grini. Moja iliyobaki, ambayo nitaiita fimbo ya kumalizia, ni ya kuusukuma mpira taratibu juu ya majani hadi uingie shimoni.

Sasa tazama hesabu yake. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 hupangiwa mapigo 72. Katika hesabu hiyo kila shimo huwekewa mapigo mawili ya grini, yaani mapigo 36. Kwa hiyo, kwa mpango wenyewe wa mchezo, fimbo moja kati ya 14 imekabidhiwa nusu ya kazi.

Na kazi yenyewe haina huruma. Tuseme mpira uko mita 3 kutoka shimoni, na uwanda umelala sawasawa bila mteremko. Mchezaji anaugonga, lakini uso wa fimbo umepinda kwa digrii moja tu. Digrii moja ni nini? Ni kipande kimoja cha duara lililogawanywa mara 360, jicho halikioni. Lakini mpira ukifika shimoni utakuwa umehama kwa sentimita 5 na kidogo, na nusu ya upana wa shimo ni sentimita 5.4. Yaani kwa digrii moja mpira unachungulia ukingoni. Kwa digrii mbili umepita nje kabisa. Na ukirudi nyuma hadi mita 6, hiyo digrii moja peke yake inatosha kukukosesha. Ndiyo maana hata mabingwa wanaolipwa kwa mchezo huu Marekani, kutoka umbali wa futi 8, ambazo ni kama mita mbili na nusu, huingiza mpira mara moja tu katika kila mara mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ile digrii moja inatoka wapi? Inatoka mkononi mwa mchezaji, au inatoka kwenye fimbo?

Zamani jibu lilikuwa wazi. Uskoti, ambako mchezo huu una mizizi mirefu kiasi kwamba bunge lao liliupiga marufuku mwaka 1457 kwa kuwapotezea vijana muda wa kujifunza upinde, fimbo ya kumalizia ilikuwa kipande cha mti chenye kichwa kirefu, na ufito wake ulichomekwa mwishoni mwa kichwa, upande wa kisigino. Fundi alitengeneza, mchezaji akanunua, na akikosa kosa ni lake. Hata hivyo wapo waliohangaika mapema. Willie Park mdogo, wa Musselburgh, aliyekuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1887 na tena 1889, alikuwa fundi wa fimbo na pia mchezaji. Katika miaka ya 1890 aliuza fimbo ya kumalizia yenye shingo iliyopindwa nyuma. Yeye aliamini kwamba mtu anayejua kumalizia anaweza kushindana na mtu yeyote.

Lakini vita vyenyewe vilianza mwaka 1902. Katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, alikuwapo mhandisi wa kampuni ya General Electric aitwaye Arthur Knight. Huyu hakuridhika na fimbo yake. Akajiuliza swali ambalo mafundi wa Uskoti hawakulitilia maanani: kwa nini ufito uchomekwe kisiginoni? Ukishika nyundo kwa ncha ya kichwa chake badala ya mpini ulio katikati, utapiga msumari sawasawa? Akatengeneza kichwa cha alumini, kipana kama kinyundo, akauchomeka ufito karibu na katikati ya kichwa hicho. Mwaka 1903 akapewa hataza ya uvumbuzi wake, na fimbo ikachukua jina la mji.

Mwaka uliofuata, Mmarekani mmoja mzaliwa wa Australia, Walter Travis, alivuka bahari kwenda kushindania ubingwa wa ridhaa wa Uingereza kwenye uwanja wa Sandwich. Travis alikuwa na umri wa miaka 42. Gofu alianza kuucheza akiwa ameshapita miaka 30. Hakuwa na nguvu za kuupeleka mpira mbali. Na siku za mazoezi, hata umaliziaji wake, ambao ndio uliokuwa silaha yake, ulimtoka. Mipira ilikataa kuingia. Basi rafiki yake mmoja akampa fimbo ya Schenectady ajaribu.

Mpira ukaanza kuingia. Ukaingia kutoka karibu, ukaingia kutoka mbali. Travis akawaondoa wenyeji mmoja baada ya mwingine, na katika fainali akamshinda Edward Blackwell, mtu aliyesifika kwa kuupiga mpira mbali kuliko karibu watu wote wa zama zake. Lilikuwa ni mara ya kwanza kombe hilo kuchukuliwa na mchezaji kutoka Marekani, na Wamarekani wangengoja hadi mwaka 1926 kulichukua tena. Travis alilalamika baadaye kwamba wenyeji hawakumpokea kwa ukarimu. Wenyeji nao walikuwa na la kunong'ona: si mtu aliyeshinda, ni kile kinyundo.

Miaka sita ikapita. Klabu moja ya New Zealand ikaandika barua kwa wakuu wa St Andrews, walinzi wa kanuni za mchezo, ikiuliza kama inaruhusiwa kumalizia kwa nyundo ya mchezo wa kroke. Mwaka 1910 wakuu wakajibu kwamba hairuhusiwi, na katika jibu hilo wakazijumuisha fimbo zote za mtindo wa nyundo. Schenectady ikawa haramu. Chama cha Gofu cha Marekani kikakataa kufuata. Basi dunia ya gofu ikagawanyika: fimbo iliyo halali New York ikawa haramu London, na katika viwanja vyote vilivyofuata kanuni za St Andrews, pamoja na vya makoloni. Hapa kwetu klabu ya Nairobi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906. Ofisa wa kikoloni aliyecheza huko alibanwa na kanuni ambayo karani wa New York hakuijua. Mgawanyiko huo ulidumu miaka 40. Ni katika mapatano ya kanuni ya mwaka 1951, yaliyoanza kutumika 1952, ndipo fimbo yenye ufito katikati iliporuhusiwa tena kila mahali.

Wengi Marekani waliamini kwamba marufuku ile ilikuwa kisasi kwa ushindi wa Travis. Wakuu wa St Andrews kwa upande wao walisema wanalinda sura ya mchezo. Huenda yote mawili yalikuwamo. Lakini tazama jambo hili, ndugu msikilizaji. Kwa muda wote ambao watu husema mbaazi anasingizia jua, wanasema fimbo si kitu. Siku mgeni mwenye umri mkubwa alipowashinda kwa fimbo mpya, ghafla fimbo ikawa kitu, tena kitu cha kupigwa marufuku. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Tusonge mbele. Katika miaka ya 1920 bingwa mkubwa wa dunia alikuwa Bobby Jones wa Atlanta. Fimbo yake ya kumalizia ilipewa jina la Calamity Jane, na ilipochakaa uso alitengenezewa nyingine ya mfano wake. Mwaka 1930 Jones alishinda mashindano yote manne makubwa ya wakati huo katika msimu mmoja. Fimbo ile uso wake uliinama kwa nyuma kiasi cha digrii 8. Leo mtu akikuletea fimbo ya kumalizia yenye mwinamo wa digrii 8 utamcheka, maana fimbo nyingi za sasa zina digrii 3 au 4. Je, Jones alikosea? Hapana. Majani ya grini za wakati wake yalikuwa marefu. Mpira ulizama ndani ya majani, na ilibidi uinuliwe kidogo kabla haujaanza kubiringika.

Mambo yaligeuka kadiri mashine za kukatia majani zilivyoboreka. Mwaka 1935 Edward Stimpson wa Massachusetts aliona mpira wa bingwa ukiteleza na kutoka nje ya grini pale Oakmont, akabuni kifaa cha kupimia kasi ya grini: kijimfereji kirefu ambacho mpira hubiringika kutoka juu yake, kisha unapima umekwenda futi ngapi. Chama cha Marekani kilipozipima grini za nchi nzima katika miaka ya 1970 kilipata wastani wa futi 6 na nusu tu. Leo katika mashindano makubwa grini huwa za futi 12, 13, hata 14. Kwa hiyo fimbo inayofaa hutegemea ardhi inayochezewa. Katika viwanja kadhaa vya Afrika Mashariki, ambako maji yalikuwa haba, grini hazikuwa za majani kabisa bali za mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa. Mtu aliyezoea kumalizia juu ya mchanga ule, akapelekwa kwenye majani ya Ulaya na fimbo ile ile, ataonekana hajui kucheza. Kumbe ardhi ndiyo imebadilika.

Sasa tunafika kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeichunguza kesi ya mbaazi na jua kwa makini kuliko wote. Jina lake ni Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mchanga. Baba yake alikuwa fundi viatu mjini Seattle. Karsten alianza masomo ya uhandisi chuo kikuu, lakini fedha zikaisha wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, naye akarudi kushona viatu. Baadaye aliingia katika viwanda vya ndege, na katika miaka ya 1950 akaajiriwa na General Electric, kampuni ile ile iliyokuwa imemwajiri Knight. Gofu aliuanza akiwa na miaka 42, kwa sababu tu wenzake kazini walimwalika.

Alikuwa akishindwa kumalizia. Lakini hakusema mkono wangu mbovu, wala hakusema fimbo yangu mbovu. Alisema: tupime. Aligundua kwamba mchezaji wa kawaida haugongi mpira katikati ya uso wa fimbo kila mara. Mara huugonga karibu na ncha, mara karibu na kisigino. Na kila anapofanya hivyo, kichwa cha fimbo huzunguka kidogo mkononi, uso unapinda, na ile digrii yetu moja inazaliwa hapo. Kosa la mkono lilikuwa dogo. Fimbo ndiyo iliyolikuza.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuielewa. Mtazame mchukuzi wa maji mwenye mzegamzega, mti begani na madebe mawili yaliyojaa kwenye ncha zake. Mwambie ageuke kwa ghafla. Hawezi, uzito ulio kwenye ncha mbili unakataa kuzungushwa. Sasa mpe uzito ule ule katika gunia moja mgongoni. Atageuka mara moja. Solheim aliuondoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo akaupeleka kwenye ncha na kisigino. Inasimuliwa kwamba mfano wake wa kwanza aliufanya kwa vipande viwili vya sukari vilivyounganishwa kwa vijiti vya aiskrimu. Mwaka 1959, katika banda la gari nyumbani kwake California, akatoa fimbo kamili. Ilipougonga mpira ilitoa mlio mkali, ping, na Ping ndilo likawa jina la biashara yake.

Watu walicheka mlio ule, na walicheka na umbo lake. Lakini mwaka 1962 mchezaji aitwaye John Barnum, mwenye umri wa miaka 51, alishinda mashindano ya wachezaji wa kulipwa akiwa na fimbo hiyo. Mwaka 1966 Solheim akachora umbo jingine, bora zaidi, nyuma ya jalada la santuri. Mkewe, Louise, akapendekeza iitwe Answer, yaani Jibu. Na kwa kuwa neno halikuenea kwenye chuma, wakaondoa herufi moja, ikawa Anser. Mwaka 1967 Solheim aliacha kazi General Electric akawa mwenye kiwanda. Alifariki mwaka 2000. Umbo la Anser limeigwa na karibu kila mtengenezaji tangu hataza yake ilipokwisha. Fimbo aliyoitumia Tiger Woods kushindia mataji makubwa 14 kati ya 15 aliyo nayo ni ya kiwanda kingine, lakini ukiitazama utaona ni mjukuu wa fimbo ya yule mtoto wa fundi viatu.

Na pengine si bahati tu kwamba alikuwa mtoto wa fundi viatu. Mshona viatu anajua jambo ambalo mfua vyuma anaweza kulisahau, nalo ni kwamba kiatu kizuri kisichokutosha ni kiatu kibaya. Tangu zama zake ndipo hasa watu walipoanza kusema kwa sauti kwamba fimbo ya kumalizia lazima ipimwe kwa mwili wa mwenyewe, kama kanzu.

Hupimwa nini? Kwanza urefu. Fimbo nyingi za dukani zina inchi 34 au 35. Mtu mfupi akipewa fimbo ndefu, mikono yake hushuka chini ya pale ilipokusudiwa, ncha ya kichwa huinuka, na fimbo hukaa juu ya kisigino. Mtu mrefu akipewa fupi, huinama kama anayeokota sarafu, macho yanapita ng'ambo ya mpira. Na macho ndiyo yanayochora mstari wa kwenda shimoni. Yakikaa mahali pasipofaa, mtu hulenga kando huku akiapa kwamba amelenga katikati.

Pili ni pembe ya ufito, ili kichwa kilale sawasawa chini. Kanuni zinataka ufito uinamike walau digrii 10 kutoka wima. Tatu ni mwinamo wa uso, ambao tumeshauona kwa Bobby Jones. Mwenye kusukuma mikono mbele anapougonga mpira huupunguza mwinamo huo bila kujua, na mpira wake hubanwa ardhini kisha ukaruka. Nne ni uzito. Kichwa kizito hutuliza mkono wenye wasiwasi, lakini humnyima mtu hisia ya mpira wa mbali. Tano ni mizani ya kichwa. Laza ufito juu ya kidole chako utaona fimbo nyingine uso wake unatazama juu mbinguni, na nyingine ncha yake inaning'inia chini. Wapimaji kwa kawaida huwapa ile ya kwanza wanaosukuma kwa mstari ulionyooka, na ya pili wale ambao mkono wao huchora upinde. Mwisho wa yote kipimo ni kimoja: je, mpira unaanza safari kuelekea ulikolenga?

Hata hivyo tusiende kupita kiasi. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua mamilioni ya mapigo ya wachezaji wa kulipwa, akaonyesha kwamba umaliziaji huchangia kiasi cha asilimia 15 tu ya kile kinachowatofautisha walio bora na wenzao. Sehemu kubwa hupatikana kabla ya kufika grini. Kwa hiyo anayenunua fimbo mpya kila mwezi akitumaini miujiza, kwake methali ya wahenga bado ina nguvu zote.

Lakini wapo wengine ambao shida yao si digrii moja. Kuna ugonjwa unaowapata wachezaji, hata mabingwa, ambapo mkono hushtuka wenyewe wakati wa pigo fupi. Mtu aliyecheza miaka 20 hujikuta hawezi kuingiza mpira wa hatua moja. Hao ndio waliokimbilia fimbo ndefu ambayo mwisho wa mshikio wake hukazwa kifuani au tumboni, ili mkono usipate nafasi ya kushtuka. Orville Moody alishinda kwayo ubingwa wa wazee wa Marekani mwaka 1989. Kwa muda mrefu wakubwa hawakusema kitu. Fimbo ile ilihesabiwa kuwa mkongojo wa wazee na wagonjwa. Kisha vijana wakaishika. Keegan Bradley alishinda taji kubwa mwaka 2011, Webb Simpson na Ernie Els mwaka 2012, Adam Scott mwaka 2013. Mwezi Mei 2013 wakuu wa pande zote mbili za Atlantiki, safari hii wakiwa wamoja, walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2016 ni marufuku kuikaza fimbo mwilini.

Hawakudai kwamba takwimu zimeonyesha faida isiyo ya haki. Walisema pigo la gofu ni la mikono inayozungusha fimbo kwa uhuru. Napenda kuwa mwadilifu hapa: mchezo una haki ya kusema yeye ni nini. Anayekimbia marathoni hawezi kupanda baiskeli akasema miguu inamuuma. Lakini tunaona tena ule mtindo wa mwaka 1910. Fimbo ikiwa mikononi mwa mnyonge, huitwa kisingizio. Ikiwa mikononi mwa mshindi, huitwa hatari.

Na fundi hakulala. Huko Oregon, kampuni moja changa iitwayo L.A.B. Golf ilirudi kwenye swali la Solheim ikaliuliza upya: badala ya kuzuia kichwa kisizunguke mpira unapokigonga, kwa nini kichwa kizunguke hata mkono unapokipeleka tu? Wakatengeneza fimbo ambayo uzito na ufito wake vimepangwa hivi kwamba uso haupendi kugeuka wala kulia wala kushoto. Lucas Glover, bingwa wa Marekani wa mwaka 2009, alikuwa amesumbuliwa miaka mingi na ule ugonjwa wa mkono. Mwaka 2023 akachukua fimbo ndefu ya aina hiyo, bila kuikaza mwilini, na mwezi Agosti, akiwa na miaka 43, akashinda mashindano mawili katika wiki mbili mfululizo. Tarehe 15 Juni 2025, pale pale Oakmont alipopata wazo lake Stimpson, J.J. Spaun aliingiza mpira kutoka futi 64, karibu mita 20, kwenye shimo la mwisho, akawa bingwa wa Marekani. Fimbo yake ilikuwa ya kampuni hiyo: kichwa kipana, na ufito haukuchomekwa kisiginoni. Laiti Arthur Knight angekuwapo!

Ndugu msikilizaji, historia hii inatufundisha nini? Kwamba fimbo haimpi mtu ustadi asio nao. Travis alikuwa bingwa wa nchi yake mara tatu kabla ya kwenda Sandwich. Glover na Spaun walikuwa wachezaji wa miaka mingi. Fimbo nzuri iliwaondolea tu kizuizi kilichosimama kati ya ustadi wao na shimo. Lakini hilo si jambo dogo.

Nawafikiria hasa vijana wetu. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubebea wengine fimbo katika klabu za Nairobi, Mombasa, Kampala na kwingineko, na fimbo zao za kwanza zilikuwa za kupewa. Kijana wa namna hiyo hurithi fimbo iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine, kisha anaambiwa mkono wake hauna utulivu. Bahati nzuri, kati ya fimbo zote 14 hii ndiyo rahisi kuirekebisha. Ufito mrefu hukatwa kwa msumeno wa chuma na mshikio ukarudishwa. Fimbo nyingi hupindwa kidogo na fundi mwenye jiliwa na mkono mwangalifu. Kabla ya kumwambia kijana huyo aache kusingizia, mwalimu wake na aichukue fimbo hiyo, aiweke chini, atazame kama ncha yake imeinuka.

Maana wahenga walisema mbaazi husingizia jua. Hawakusema kwamba jua halijapata kuunguza shamba.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.